Kisanduku chenye Kufuli Tatu

 Leo nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo kila mtu hulitamani, nalo ni kuendelea katika maisha: kuwa na kazi ya maana, kuwa na biashara isiyofilisika, kuwa na nyumba yenye amani, na kuwa na mwili wenye nguvu hata wakati wa uzee.

Aliyenitia katika mazungumzo haya ni kijana mmoja aliyetoka Ileje akaja Tunduma kutafuta riziki. Alinijia jioni moja, akaniamkia kwa adabu, akakaa, akaniuliza hivi: "Mwalimu, mimi nina nguvu, nina akili kidogo, na nina fedha nilizopata kwa kuuza mahindi ya shamba langu. Nifanye nini ili nisimtegemee mtu?" Sikumjibu siku ile. Nilimwambia nitafikiri. Nami nimefikiri siku nyingi, na sasa naona kwamba taabu yote imo katika neno lake la mwisho.

Kwa ajili ya wale wasiopata kuuona mji wa Tunduma, yafaa niueleze kidogo. Mji huu uko katika mpaka wetu na Zambia, ndani ya Mkoa wa Songwe, ambao ulizaliwa mwaka 2016 ulipogawanywa kutoka Mkoa wa Mbeya, na makao yake makuu ni Vwawa. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita hapa, na ng'ambo ya mpaka ni mji wa Nakonde. Malori yenye shaba ya Zambia na ya Kongo huja kutoka upande ule, na malori yenye mafuta na bidhaa za madukani hutoka upande huu, yakapangana katika safu ndefu yakingoja zamu. Mwaka 2019 kilifunguliwa kituo cha pamoja cha forodha, ili msafiri akaguliwe mahali pamoja badala ya mara mbili. Katika njia za mji utawaona wabadilishaji wa fedha wameshika mafungu ya shilingi na kwacha mikononi, na mtu mgeni akiyaona mafungu yale hudhani kwamba fedha za hapa huokotwa.

Kuna jambo moja ambalo huwachekesha wageni. Saa ya Nakonde iko nyuma ya saa yetu kwa saa moja nzima. Mtu akivuka saa tatu asubuhi, hukuta kule ni saa mbili. Wapo vijana wanaovuka wakifurahi kama waliopewa saa moja bure. Lakini jioni wakirudi hunyang'anywa saa ile ile.

Basi katika mji wa namna hii watu ni wengi kuliko jamaa. Kuna Wanyamwanga, ambao wako pande zote mbili za mpaka, maana mpaka huu ulipatanwa na Waingereza na Wadachi mwaka 1890, wala wenyeji hawakuulizwa. Kuna Wanyiha wa Mbozi, Wandali wa Ileje, Wanyakyusa, Wakinga, na wengine waliotoka mbali kabisa. Mwanamume au mwanamke akifika hapa na mtaji wake kiunoni, hana shangazi wa kumwonya wala mjomba wa kumzuia. Wengine huuona huo kuwa uhuru. Nami nikiwa kijana niliuona hivyo, na nitawaambia ulinigharimu nini.

Mwaka mmoja, mavuno yalipoanza, nilinunua magunia kumi na mawili ya mahindi kwa bei ndogo, nikayaweka katika chumba nilichokodi, nikiazimia kuyauza mwezi wa Januari njaa inapokaribia na bei inapopanda. Sikumwambia mtu, kwa kuwa niliogopa kuigwa. Niliyapanga magunia juu ya sakafu tupu, nikafunga mlango, nikatia ufunguo mfukoni. Mwezi wa Oktoba nilipofungua, harufu ilinipokea mlangoni. Mahindi yalikuwa yameota ukungu wa kijani, na magunia ya chini yalikuwa yameshikamana kama udongo. Hapana mtu aliyenidanganya. Aliyeniuzia alinipa mahindi niliyoyachagua kwa macho yangu mwenyewe. Mama mmoja jirani, ambaye alikuwa ameuza mahindi tangu mimi sijazaliwa, alisimama mlangoni akatazama, akasema, "Mwanangu, mbona hukuniuliza?"

Kisha akanifundisha jambo ambalo ningalilijua mapema ningaliokoa fedha zangu zote. Twaa chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, yenye kifuniko. Tia mahindi kiasi cha robo ya chupa. Ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyo kavu. Funga, utikise kwa nguvu kwa dakika moja, kisha uiache itulie robo saa. Ukiona chumvi imeganda kwenye kioo, mahindi yale bado yana unyevu, yarudishe juani. Ukiona kioo ni safi na chumvi imeanguka chini, waweza kuyatia ghalani, lakini juu ya mbao, mbali na ukuta. Wataalamu wa kilimo hufundisha kipimo hiki hiki, na husema kwamba chumvi isiposhika kioo, unyevu umepungua chini ya sehemu 15 katika 100. Wala msidhani kwamba hasara ya ukungu ni fedha tu. Ukungu wa namna fulani huzaa sumu iitwayo sumukuvu. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Yale magunia yangu niliyafukia shimoni, ijapokuwa palikuwa na mtu aliyetaka kuyanunua kwa bei ya kutupa.

Elimu ile ilikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu, kwa mama yule, nayo haikuuzwa. Kilichonizuia kuipata ni kutaka kwangu kutomtegemea mtu.

Sasa nataka kuwaeleza habari za kisanduku. Katika mitaa ya Tunduma, na katika vijiji vya Mbozi na Momba, utakuta watu kati ya kumi na tano na thelathini, aghalabu wanawake ndio wengi, wamekaa kwa duara siku moja katika wiki. Katikati yao pana kisanduku cha chuma chenye kufuli tatu. Funguo zake zimeshikwa na watu watatu wa nyumba mbalimbali, na mtunza kisanduku si mmoja wao. Mmoja asipofika, kisanduku hakifunguki. Kila mwanachama hununua hisa zake mbele ya macho ya wote, fedha huhesabiwa kwa sauti, na daftari husomwa. Mwenye haja hukopa, kwa kawaida si zaidi ya mara tatu ya hisa zake, naye hurudisha pamoja na nyongeza kidogo. Nyongeza hiyo haiendi kwa tajiri wa mbali. Hurudi kwao wenyewe siku ya kugawana, mwisho wa mzunguko. Pembeni pana mfuko wa jamii, kwa ajili ya msiba, ugonjwa, au nyumba iliyoungua.

Ninyi nyote mnajua kwamba vyama hivi huitwa vikoba. Lakini labda hamjui asili yake. Mtindo huu ulianza mwaka 1991 katika nchi ya Niger, kule Afrika ya Magharibi ukingoni mwa jangwa, ambako wanawake wengi hawakujua kusoma wala kuandika, na benki ilikuwa mbali nao kama mwezi. Shirika liitwalo CARE liliwasaidia kuupanga mchezo wao wa zamani wa kuchangiana, ukawa chama chenye sheria. Kutoka huko ulienea Afrika nzima, ukafika Zanzibar na bara. Kwetu Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilivitambua vikundi hivi, ikaagiza viandikishwe. Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla hamjatia hata shilingi moja, ulizeni kama chama kimeandikishwa, na ombeni kuona daftari. Chama kinachokasirika kikiulizwa daftari, kiacheni kiendelee na hasira zake.

Wengi husifu kisanduku kwa sababu ya fedha zilizomo. Mimi nasifu zile kufuli. Fedha peke yake mtu aweza kuzificha chini ya godoro. Lakini mwanamke anayekubali kwamba hawezi kuifungua akiba yake bila wenzake wawili kuwapo, amekubali jambo gumu sana kwa mwanadamu, nalo ni kuzuiwa. Shemeji akija na maneno matamu, au muuza simu akisimama mlangoni, yeye hujibu kwa kweli kabisa, "Sina ufunguo." Tena anapoomba mkopo hana budi kusimama na kueleza mbele ya watu thelathini anataka kufanya nini. Wataulizana: mahindi hayo umeyapima unyevu? Gari utakalokodi ni la nani? Mwaka jana uliuza kwa bei gani? Laiti mimi ningalisimama mbele ya duara la namna hiyo na magunia yangu kumi na mawili! Ningalichekwa, nikakasirika, nikaokoka.

Sitaki mfikiri kwamba mambo haya yameletwa kutoka Niger tu, kana kwamba huku kwetu watu hawakujua kukutana. Ng'ambo ya mpaka, si mbali na Nakonde, pana mahali paitwapo Mwenzo, penye misheni ya zamani ya Waskoti. Hapo palikuwa na mwalimu jina lake Donald Siwale. Alisoma katika shule kubwa ya Livingstonia, katika nchi ambayo leo ni Malawi, na miongoni mwa waliosoma huko naye walikuwamo Levi Mumba na David Kaunda. Vijana hawa walipomaliza masomo walitawanyika. Mumba alibaki Nyasaland. Kaunda alipelekwa kwa Wabemba kufungua shule. Siwale alikuwa Mwenzo.

Fikirini hali yao. Kila mmoja alikuwa peke yake katika kazi yake, mshahara mdogo, na katika serikali ya siku zile mtu mweusi hakuulizwa neno juu ya kodi wala kazi. Kila mmoja angeweza kujitunza mwenyewe na kunyamaza. Lakini mwaka 1912 Mumba na wenzake walianzisha chama upande wa Nyasaland ya kaskazini, na mwaka huo huo Siwale, Kaunda, na wenzao Peter Sinkala na Hezekiya Kawosa walianzisha chama chao Mwenzo, wakifuata mfano wa rafiki yao. Kusudi lake lilikuwa kuyapeleka mawazo ya watu kwa serikali, na kusaidiana katika maendeleo ya nchi. Vita ya mwaka 1914 ilipokuja chama kilikatika. Mwaka 1923 wakakifufua. Hakikudumu miaka mingi, maana hawa walikuwa watu wa kazi na kazi huhamisha watu. Lakini wenye kuandika historia hukihesabu kuwa chama cha kwanza cha namna yake katika nchi yote iliyoitwa wakati ule Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Naye Levi Mumba, mwaka 1944, alichaguliwa kuwa rais wa kwanza wa Kongresi ya Waafrika wa Nyasaland.

Na David Kaunda? Alifariki mwaka 1932, akaacha watoto, na mdogo wao wa mwisho alikuwa na umri wa miaka minane. Mtoto huyo ni Kenneth Kaunda, aliyekuwa Rais wa Zambia tangu 1964 mpaka 1991. Ndiye aliyepatana na Mwalimu Julius Nyerere kujenga reli ya TAZARA, wakati mataifa makubwa ya Magharibi yalipokataa kuikopesha kazi ile fedha, na China ikakubali kutoa mkopo usio na riba. Kazi ilianza Oktoba 1970. Mwaka 1973 mataruma na vyuma vilifika Tunduma, vikavuka mpaka kuingia nchi ya Nakonde, kule kule ambako baba yake na rafiki zake walikutana miaka sitini kabla. Reli yote, kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, ina urefu wa kilometa 1,860, nayo ilikabidhiwa kwa serikali mbili mwezi wa Julai 1976. Mimi kila nipitapo karibu na stesheni hulikumbuka jambo hilo, ingawa wachuuzi wa pale wakinisikia nikilisema hunitazama kama mzee aliyeachwa na treni.

Reli ile ina fundisho jingine kwa kijana atafutaye kazi. Maelfu ya Watanzania na Wazambia waliajiriwa, na wengi waliingia wakiwa hawajui ila jembe na sururu. Walimu wao Wachina hawakujua Kiswahili, wala wanafunzi hawakujua Kichina. Ufundi ulifundishwa kwa jicho na mkono: tazama nifanyavyo, fanya, nikusahihishe. Kwa njia hiyo wakatoka waashi, mafundi wa mitambo, na watandika reli. Siku hizi vijana wetu wengi wana vyeti, nami sivikatai vyeti, lakini huona aibu kuwa wanagenzi. Kijana anaingia gereji ya malori, mwezi wa kwanza anapewa kuosha skrubu kwa mafuta ya taa, mwezi wa pili bado anaosha, mwezi wa tatu anaondoka akisema anaonewa. Hajui kwamba fundi alikuwa akimtazama kama anazirudisha skrubu zote. Kwa upande wangu nasema hivi: mwanagenzi asiingie bila mapatano. Yaandikwe, mbele ya mzazi au mjumbe wa mtaa: atafundishwa nini, kwa muda gani, nani atamlisha, na siku atakapohitimu ataondoka na vyombo gani. Mafundi wengine humweka mtoto wa mtu miaka mitano kama mtumishi. Hilo ni dhuluma, na karatasi ndiyo dawa yake.

Wakulima wa kahawa wa Mbozi hawahitaji kufundishwa subira, maana mkahawa hukaa kama miaka mitatu kabla haujaanza kuzaa. Lakini wao wanajua vilevile jinsi riziki ya mtu ilivyofungwa na ya jirani yake. Kahawa yapasa kuchumwa ikiwa nyekundu, ikamenywe siku ile ile, ilale ndani ya maji au ndani ya ute wake kwa kiasi, ioshwe, ianikwe juu ya vichanja. Katika mtambo wa chama kahawa za wengi humenywa pamoja. Mtu mmoja akichanganya mbichi kwa haraka ya fedha, ladha ya wote huharibika na bei ya wote huanguka. Tangu ile Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1932, na chama kikubwa cha Wachaga wa Kilimanjaro kilichoandikishwa mwaka 1933, wakulima wa nchi hii wamejaribu kuuza kwa pamoja, mara wakifaulu, mara wakiibiwa na viongozi wao wenyewe. Mahali walipofaulu, nadhani, palikuwa na wanachama waliosoma hesabu na kuuliza.

Sasa niseme juu ya mwili, maana kijana wangu wa Ileje alisema, "Nina nguvu," kana kwamba nguvu ni shamba la urithi. Shirika la Afya Duniani, katika maagizo yake ya mwaka 2020, linasema kwamba mtu mzima apate angalau dakika 150 kila wiki za mwendo wa kasi ya kiasi, yaani nusu saa kwa siku tano, na tena siku mbili afanye kazi ya kutumia nguvu za misuli. Mama wa kijijini anayebeba kuni na kulima amekwisha kupita kiasi hicho, na mimi simwambii aongeze, apunguziwe. Nasema na mwenye duka anayekaa tangu asubuhi hadi usiku juu ya kigoda, na mbadilishaji wa fedha, na karani, na yule ambaye hawezi kwenda mita mia tatu ila kwa bodaboda. Nasema hasa na madereva na utingo wao. Hawa hukaa juu ya kiti siku nyingi, hula usiku vyakula vya mafuta, na wakifika mpakani hukaa tena wakingoja zamu. Shinikizo la damu halipigi hodi. Mtu hujiona mzima mpaka siku anapoanguka. Kupimwa ni dakika chache. Na katika kungoja kule kule, dereva aweza kuacha utingo garini akatembea nusu saa, kisha wakapokezana.

Huenda mtaniuliza, mwili unahusu nini na kisanduku cha kufuli tatu? Nitawajibu kwa habari iliyotoka Marekani. Mwaka 1938 Chuo Kikuu cha Harvard kilianza kuwafuatia vijana 268, wanafunzi wake, ili kujua ni nini kinachomfanya mtu aishi vizuri. Baadaye waliunganishwa na wavulana 456 wa mitaa ya maskini katika mji wa Boston, ambao nao walikuwa wakifuatwa tangu siku zile. Walipimwa damu, wakaulizwa habari za kazi, ndoa na rafiki, mwaka baada ya mwaka, hata wengine wakafika miaka 80 na zaidi. Walikuwa wanaume watupu, tena wa nchi ya mbali, kwa hiyo sisemi kila neno lao ni letu. Lakini mabingwa walipozitazama hesabu waliona jambo ambalo hawakulitazamia. Wale waliokuwa wameridhika zaidi na uhusiano wao na watu walipokuwa na miaka 50, ndio waliokuwa wazima zaidi walipofika 80; na dalili hiyo ilishinda hata kipimo cha mafuta katika damu.

Mimi si mganga, lakini sehemu moja ya siri hiyo naijua kwa miguu yangu. Nilipoambiwa na daktari nitembee kila asubuhi, nilitembea siku nne. Siku ya tano palikuwa na baridi ya mwezi wa Julai, nanyi mnaijua baridi ya nchi hii ya juu, nikajifunika. Nikajifunika wiki mbili. Kisha jirani yangu, fundi seremala aliyestaafu, naye akaambiwa vivyo hivyo na daktari. Sasa saa kumi na mbili alfajiri husimama nje ya dirisha langu akikohoa. Huo ndio ufunguo wa pili. Siwezi kulala naye yuko nje katika umande, wala yeye hawezi kulala akijua kwamba kesho ni zamu yangu kukohoa kwake. Tunatembea mpaka relini na kurudi, tukisema habari za watoto wetu na bei ya mbao.

Kuna upweke mwingine ambao katika mji wa mpakani huleta maafa upesi zaidi, nami nitausema waziwazi, ijapokuwa watoto wanasikiliza, maana nao watakuwa wakubwa. Kijana mwenye fedha na asiye na rafiki wa kweli hununua wa uongo. Wako tele karibu na maegesho ya malori na katika nyumba za pombe. Ukimwi umewachukua wengi katika njia hii kuu. Leo dawa zipo, na katika vituo vya serikali hutolewa bila malipo, na mwenye kuzitumia sawasawa huishi miaka mingi. Lakini hana budi kwanza kupimwa, na mtu hupimwa kwa urahisi zaidi akiwa na wa kumsindikiza. Na wewe uliyeoa au kuolewa, msifichane daftari. Nimeona biashara nyingi zikifa kwa sababu mume alikuwa na hesabu zake na mke ana zake, na siku ya ugonjwa hapana aliyejua nani anadaiwa na nani.

Mtasema nimesahau kuwa watu hudhuru vilevile. Sikusahau. Wapo washirika wanaotoroka na fedha usiku, na nje ya mpaka ni hatua chache tu. Ndiyo maana kufuli ni tatu, na ndiyo maana pana daftari. Mama wale katika duara hawapendani kama malaika. Wengine hawasalimiani njiani. Lakini kila wiki wanafika, kwa kuwa kila mmoja ameshika kitu cha mwenzake.

Pale Mbozi pana kile kimondo mashuhuri, chuma kilichoanguka kutoka mbinguni, chenye uzito wa tani kama 16. Wenyeji walikijua tangu zamani, na habari zake zilienea ulimwenguni tangu mwaka 1930. Wanafunzi hupelekwa kukitazama, nao hufanya vizuri. Mimi nikitazama huona kitu kimoja: kilikuja peke yake, kimekaa peke yake, nacho hakijaongezeka hata ratili moja, ila kimepungua, maana kilikatwa kipande kwa ajili ya uchunguzi.

Saa yangu inakwisha. Yule kijana wa Ileje aliahidi kwamba jioni hii atasikiliza. Ikiwa anasikiliza, namwarifu kwamba Jumamosi, saa kumi kamili kwa saa yetu, si kwa saa ya Nakonde, watu wa mtaa wangu watafungua kisanduku chini ya mwembe, na pana kigoda kimoja kitupu. Asije na fedha zake siku ya kwanza. Aje asikilize tu. Na kama amekwisha kununua mahindi, alete kopo moja la mahindi hayo, na chumvi kavu. Chupa tunayo.

Kwaherini.